Ekseli za Fundi Wetu

Simu ya baba yake ilipoita, Nati alikuwa amelala chali chini ya basi, mikono imejaa grisi hadi viwikoni, na kwa kawaida asingepokea. Alipokea kwa sababu baba yake hakuwa mtu wa simu. Kwa mwaka alipiga mara mbili, na mara zote mbili alizungumza kama mtu anayelipia kila neno.

"Wameuza yadi," baba alisema.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wameuza yadi. Nina siku tisa za kuondoka."

Nati alijiburuta kutoka chini ya basi, akakalia tairi la akiba na kufuta mkono mmoja kwenye ovaroli.

"Basi njoo kwangu." Alisema upesi, kabla hajajipa nafasi ya kulifikiria. "Chumba kipo."

"Nitakuja. Ila nakuja na nyumba yangu."

"Nyumba yako haiwezi kutembea hata hatua kumi, baba. Ekseli zimepinda."

"Kwani mimi nimempigia nani? Si fundi?"

Nati akacheka bila kupenda. Akamwambia achukue futi akapime urefu wa ekseli, na nafasi iliyopo kati ya springi na springi. Mzee akazitaja namba zote papo hapo, bila hata kuomba dakika moja ya kwenda kupima. Nati akaziandika kwa chaki kwenye sakafu ya karakana. Alidhani mzee ameshapima kabla ya kupiga simu.

Baba yake alikuwa ameendesha greda kwa miaka thelathini na miwili, hata waliowahi kulijua jina lake wakalisahau. Alikuwa Mzee Greda, basi. Kampuni ya barabara ilipohama naye alihama, na nyumba yake ikamfuata nyuma: chumba kirefu cha bati juu ya tela lenye magurudumu manne, mawili kila upande, kitanda mwishoni, meza ya kukunja, jiko la gesi, na pazia la maua ambalo mama yake Nati alilifua kila Jumamosi kwa sababu ya vumbi. Nati alikulia humo. Alipokuwa na miaka minne alikuwa na kazi moja tu duniani, kuokota nati zilizodondoka kwenye mitambo na kuzijaza mifukoni. Siku moja zilizidi uzito, kaptula ikamshuka mbele ya wahandisi. Jina likamganda tangu hapo.

Alipokuwa mwaka wa mwisho chuo cha ufundi alirudi likizo, akaingia chini ya tela na futi yake mpya, akitaka kuwaonyesha wazazi kwamba ada yao haikwenda bure. Alichokiona hakikumfurahisha. Ekseli nzima huwa imeinuka kidogo katikati, kama mgongo wa mtu anayejiandaa kubeba mzigo. Hizi mbili zilikuwa zimebonyea. Magurudumu yalikuwa yameegemea ndani na matairi yamelika upande mmoja mpaka nyuzi zinaonekana.

"Hizi zimekwisha," aliwaambia. "Baba, agiza mpya. Na zikija asiziguse mtu. Nikimaliza mtihani nakuja kuzifunga mwenyewe."

Mama yake alipiga makofi. "Umesikia, Mzee Greda? Fundi wetu ametoa amri."

Miezi miwili baadaye mama alifariki njiani. Tumbo lilimshika asubuhi, na baba akaondoka naye kwenda hospitali, lakini kwenye barabara ya mchepuko ekseli ya mbele ilikunjika, tela likaketi, na msaada ulipofika haukuwa na wa kumsaidia. Mzee alipompigia bintiye simu kumweleza, Nati alilia mpaka sauti ikamkauka, kisha akauliza swali moja: "Ekseli uliagiza?"

"Nilichelewa," mzee akasema.

Siku ya mazishi, watu wakiwa bado wamesimama kaburini, Nati alimgeukia baba yake na kusema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Nilikwambia uagize. Ungenisikiliza, mama angekuwa hai." Mzee aliinamisha kichwa, hakujibu hata neno. Mama mkubwa, dada wa marehemu, alimtazama shemeji yake kwa jicho la kuchoma, na tangu siku hiyo hakumpa mkono wala hakukanyaga kwake.

Miaka kumi na moja ilikuwa imepita tangu hapo. Tela bovu lilivutwa hadi kwenye yadi ya kampuni na kuegeshwa juu ya matofali kando ya ukuta. Mzee alistaafu, akapewa ulinzi wa yadi hiyohiyo, akaendelea kulala humo. Nati hakumtupa baba yake. Alimtumia dawa za presha, alimpigia sikukuu, alikwenda kumwona mara mojamoja na kuondoka siku hiyohiyo. Lakini hakuwahi kuyarudisha maneno yale ya kaburini, na mzee hakuwahi kuyadai.

*

Ijumaa asubuhi Nati aliingia yadini na pikapu ya karakana, ekseli mbili mpya zimefungwa nyuma kwa kamba. Mitambo mizee ilikuwa imejipanga huku na huku, majani yameota hadi kwenye viti vya madereva. Baba yake alikuwa amesimama mlangoni mwa tela, shati limepigwa pasi, kola imefungwa hadi kifungo cha juu.

"Umekonda, baba."

"Mimi sijakonda. Shati ndilo limekua."

Alimkaribisha chai, wakainywa wamesimama. Nati aliona kwamba ndani hakuna kilichofungashwa. Vikombe vilikuwa vimetundikwa palepale pa zamani, na pazia la maua lilikuwa limefubaa kiasi kwamba ungelazimika kuambiwa kwamba yale yaliwahi kuwa maua.

"Utaanzia upande huu," mzee alisema walipotoka, akionyesha upande wa kulia.

"Kulia kuna ukuta, nitapata wapi nafasi?"

"Anza huku kwanza. Kule kuna takataka zangu, nitakuja kuziondoa."

Nati hakubishana. Alibana magurudumu kwa mawe, akaweka jeki chini ya chasisi, akainua tela taratibu, akaingiza vigoda vya chuma pande zote. Alilisukuma kwa bega kuhakikisha halichezi. Kisha akatoa magurudumu, akakata nyaya za breki zilizokuwa zimekauka kama mizizi, akahamia kwenye zile boliti zilizopinda mfano wa herufi U zinazoibana ekseli kwenye springi. Kutu ilikuwa imezila hasa. Alizimwagia mafuta, akazingojea, akazipa spana ndefu, akaikanyaga kwa mguu. Hazikusogea hata unywele.

"Kata tu," baba alisema kutoka kwenye kigoda chake.

"Nilitaka nizitendee kwa heshima."

"Hizo hazistahili heshima."

Alisema hivyo kwa sauti kavu, mpaka Nati akageuka kumtazama. Lakini mzee alikuwa ameshainama, anamchambulia spana. Na hapo Nati akakumbuka jambo alilokuwa amelisahau, kwamba baba yake alijua spana inayotakiwa kabla hujaitaja. Nati alinyoosha mkono tu, na namba kumi na tisa ikatua kiganjani. Alinyoosha tena, ikaja ishirini na mbili. Wakafanya kazi hivyo karibu saa nzima, cheche za msumeno zinaruka, hakuna anayesema kitu, na Nati akajikuta anajisikia vizuri, jambo ambalo hakulitarajia wala hakulipenda sana.

Boliti ya mwisho ilipokatika, ekseli ya mbele ilishuka juu ya jeki. Mkunjo wake ulionekana bila futi. Ilikuwa imevunjika mgongo karibu na gurudumu la kushoto, na mtu fulani aliwahi kuinyoosha kidogo kwa nyundo ili tela liweze kuvutwa hadi hapo. Sasa ilitakiwa itoke, na njia ilikuwa moja tu, upande wa kushoto. Nati akatambaa huko, akakuta turubai limefunika kitu kirefu kilicholala juu ya mbao.

"Hiyo iache," baba alisema.

"Nahitaji nafasi, baba. Ekseli itapita wapi?"

"Nati, nimesema iache! Nitaitoa mimi."

Alikuwa amesimama, amelishika tela kwa mkono mmoja. Nati alijua baba yake hana tena nguvu za kutoa kitu cha uzito ule, na alihisi mzee naye analijua hilo, na kwamba ndiyo maana kitu chenyewe kilikuwa bado kipo hapo. Alilivuta turubai. Lilichanika mkononi kama gazeti.

Zilikuwa ekseli mbili. Hazikuwa zimetumika hata siku moja. Karatasi ya mafuta iliyozizungushia ilikuwa imeliwa na mchwa hapa na pale, na grisi iliyopakwa kiwandani ilikuwa imekauka ikawa kama nta. Kwenye moja kulikuwa na kipande cha boksi kimefungwa kwa waya. Upande mmoja kulikuwa na muhuri wa duka na tarehe. Upande wa pili kulikuwa na maandishi ya kalamu ya wino mzito, herufi kubwa zinazolalia kulia kama zinasukumwa na upepo. Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeandika hivyo.

ZA FUNDI WETU. ASIGUSE MTU.

Nati aliisoma tarehe mara mbili. Ilikuwa siku kumi na tisa kabla ya kifo cha mama yake.

*

Alipotoka chini ya tela baba yake alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango, viganja juu ya magoti, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa na daktari.

"Uliniambia ulichelewa kuagiza," Nati alisema.

"Ndiyo."

"Zilikuwa zimefika."

"Zilikuwa zimefika."

"Baba, kwa nini hukuzifunga? Kambi nzima ilikuwa na mafundi."

Mzee alipangusa uso kwa kiganja. "Fundi wa kambi alikuja mwenyewe. Alisema, Mzee Greda, lete hizo chuma, nusu siku nimemaliza. Mama yako akamfukuza. Akamwambia, zina mwenyewe hizo." Alitabasamu kidogo, bila furaha. "Nikasema basi tumpigie mtoto aje. Akakataa. Mwache amalize mtihani wake, usimvuruge akili, wiki tatu si nyingi. Akaandika hiyo boksi. Tukaziweka chini ya kitanda, ncha moja ya ekseli ikawa inatokeza mlangoni. Kila siku anajigonga kidole, kila siku anacheka. Anasema fundi wetu akija nitamdai kucha zangu."

Nati aliketi chini, palepale kwenye changarawe, mgongo ameuegemeza kwenye gurudumu lililotolewa.

Asiziguse mtu, nikimaliza mtihani nakuja kuzifunga mwenyewe. Aliyakumbuka maneno yake vizuri sana. Alikumbuka hata alivyosimama alipoyasema, mkono kiunoni, futi shingoni kama mkufu. Miaka yote hiyo aliikumbuka nusu ya kwanza tu, ile ya kuagiza.

"Siku yenyewe," mzee aliendelea, kwa kuwa sasa mlango ulikuwa umeshafunguka na hakuwa na namna ya kuufunga, "kambi ilikuwa inahama. Tela lilikuwa limeshafungwa nyuma ya gari. Tumbo likamshika. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda mjini. Nikasema nimweke mbele, tuondoke na gari tupu, akashindwa kukaa. Akikaa anapiga kelele. Akaniambia, nilaze kitandani kwangu, uende polepole, tutafika. Nami nikaenda polepole, mwanangu. Nakuapia. Mpaka pale kwenye mchepuko, akaanza kuniita kwa kugonga ukuta, nikakanyaga mafuta."

Mbali, nje ya yadi, lori lilikuwa linarudi nyuma huku likilia.

"Ikakunjika. Tairi likaingia juu kwenye bodi, likapasuka. Nikajaribu kulifungua tela kwenye gari, limelalia ndoano ya kuvutia, halifunguki. Nikaweka jeki, ikazama matopeni. Nikaweka ubao, ukavunjika. Kwa muda wa karibu saa tatu nilikuwa nahangaika pale, natoka nje, naingia ndani, natoka nje, mpaka likapita gari la maji. Na yeye amelala juu ya hizo ekseli zako. Mpya."

"Baba, basi."

"Acha nimalize, sitasema mara mbili. Ndani ya muda huo aliniambia, usimwambie mtoto kwamba zilikuwa zimefika. Nikasema tutamwambia wote, ukipona. Akasema, we mzee, nisikilize. Usimwambie. Atajibebesha. Nikamwahidi." Akamtazama mwanawe usoni kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Ndiyo maana pale kaburini sikukujibu. Nilikuwa nimeahidi."

Nati alitambaa hadi kwenye ngazi, akaweka kichwa kwenye magoti ya baba yake kama mtoto aliyefukuzwa na mbwa, akalia. Mkono wa mzee ulikaa juu ya kitambaa chake cha kichwa. Haukumpapasa, ulikaa tu, mzito.

"Nilitaka kuzitupa," mzee alisema baadaye. "Kila mwaka nilisema nitazitupa. Ila mwandiko ule."

*

Jua lilipofika utosini Nati alinawa uso kwenye pipa, akarudi chini ya tela. Hakuziendea ekseli alizokuja nazo. Alizivuta zile za kwenye mbao, moja baada ya nyingine, akaanza kuzisafisha. Alikwangua nta ile kwa kisu, akafuta kwa mafuta ya taa. Vipimo vilikuwa sawasawa, hadi milimita. Chuma cha katikati kilikuwa kizima, kimeinuka mgongo wake kama kinavyotakiwa. Akaanza kusafisha kwa haraka zaidi.

Kisha akafika mwisho wa kushoto, pale gurudumu na beringi zake zinapokaa. Mbao zilikuwa zimeoza upande ule, na kila mvua maji yalisimama hapo. Kutu ilikuwa imechimba mashimo ambayo ungeweza kuweka ncha ya kucha ndani yake. Akatazama ya pili. Ilikuwa hivyohivyo.

Fundi yeyote angeona mara moja na kuziweka kando. Nati mwenyewe, kama mwanafunzi wake angemletea chuma kile, angemuuliza kama anataka kuua abiria. Lakini alitoa msasa, akakaa, akaanza kusugua. Alisugua upande mmoja kwa nusu saa. Alibadili msasa. Vumbi jekundu lilimwingia puani na kumpaka midomo. Mashimo yalibaki palepale, yanang'aa kidogo tu.

"Nati," baba alisema.

"Zitafaa. Nikizijaza kwa kuchomelea, halafu nizichonge upya..."

"Mama, acha."

Alimwita hivyo, mama, kama alivyomwita alipokuwa mdogo na homa imempanda. Nati aliendelea kusugua mara nne, mara tano, kisha mkono ukasimama wenyewe.

Wakafunga zile alizokuja nazo. Aliingiza ya kwanza chini ya springi, mgongo umeelekea juu, akahakikisha kila pini imekaa kwenye tundu lake, akavisha boliti mpya na kuzikaza kwa kupishana, hii kidogo, ile kidogo. Ya pili ilifuata. Baada ya hapo walipima: mzee ameshika mwanzo wa futi mbele kabisa, kwenye ndoano ya kuvutia, Nati kwenye ncha ya ekseli, kwanza kushoto, halafu kulia. Kulikuwa na tofauti ndogo upande wa kulia. Nati alilegeza, akagonga mara moja, akakaza tena. Safari hii namba zikawa pacha. Alijaza beringi grisi mpya kwa kiganja, akarudisha magurudumu, akashusha jeki, na tela likasimama kwa miguu yake kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Limekaa wima," mzee alisema. Alilizunguka lote, mkono nyuma, kama enzi zile alipokuwa anakagua greda kabla ya kazi. Alipofika upande wa pili alikawia sana huko. Nati alijishughulisha na kukusanya spana ambazo zilikuwa zimeshakusanywa.

*

Waliondoka Jumamosi asubuhi. Ekseli mbili za kutu waliziacha kando ya ukuta pamoja na zile zilizopinda, ila kile kipande cha boksi Nati alikikata waya na kukitia kwenye mfuko wa kifua. Baba yake alimwona, akageuza uso dirishani.

Boliti mpya hulegea zikianza kazi, na baada ya kilomita kama hamsini ni lazima usimame uzikaze tena. Nati alikuwa akitafuta mahali pazuri pa kuegesha wakati mzee aliponyoosha kidole.

"Ukifika kwenye kalvati lile lenye kingo nyeupe, simama."

Hapakuwa na kitu hapo. Palikuwa na kalvati, mtaro, shamba la mtu, na barabara ya lami iliyonyooka. Nati alizima gari, na kabla hajauliza akaelewa.

"Mchepuko ulipita huku chini," baba alisema walipotoka. Alionyesha mahali palipoota majani. "Waliufunga barabara ilipokwisha."

Nati alichukua spana ndefu, akaingia chini ya tela, akakaza nati moja baada ya nyingine. Zote zilikubali robo ya mzunguko. Kutoka pale chini aliviona viatu vya baba yake vikisimama ukingoni mwa mtaro, pamoja, visigino vimegusana. Alipotoka alikwenda kusimama kando yake.

"Kipande hiki nilikisawazisha mwenyewe," mzee alisema, akielekeza kidevu kwenye lami. "Mwezi uliofuata. Nilikipitia mara tatu. Msimamizi akaja akasema, Mzee Greda, imetosha, mbona pako kama meza. Nikampitia pembeni nikarudia."

"Baba, nisamehe."

"Kwa lipi?"

"Kwa yale ya kaburini."

Mzee alitafuna midomo. "Siku ile nilikuchukia," akasema polepole. "Nisikufiche. Siku ile, na mwaka mzima baada ya hapo. Unajua kubeba lawama ambayo si yako, na aliyekupa ni mwanao, na wa kumweleza hakuna? Halafu nikazoea." Akavuta pumzi. "Twende. Jua litatuchoma."

Nati alikuwa ametegemea jibu jingine. Lakini aliposhika usukani aliona kwamba jibu lile lilikuwa la kweli, na la kweli lilikuwa ndilo pekee wangeweza kuondoka nalo pale.

*

Wiki ileile Nati alimpigia simu mama mkubwa, akamweleza yote, bila kujipunguzia hata chembe. Alimsomea maandishi ya kwenye boksi.

Mzee alipojua alikasirika, na kwa siku mbili hakula mezani na mwanawe. "Mama yako hakutaka," alisema.

"Mama hayupo," Nati akamjibu. "Wewe upo. Na mimi sitaki watu waendelee kukutazama vile."

Mama mkubwa alikuja mwisho wa mwezi. Alikuwa amezeeka naye, anatembelea fimbo. Tela lilikuwa limeegeshwa uani kwa Nati, kando ya bomba la maji, na mzee alikuwa ndani, pazia limefungwa. Mama mkubwa alisimama mbele ya ngazi kwa muda, akashindwa kupiga hodi, akamgeukia Nati kama anayeomba msaada. Mlango ukafunguliwa kutoka ndani.

"Shemeji," mama mkubwa alisema, "mimi ni mtu mbaya."

"Pita ndani," mzee akasema. "Angalia hiyo ngazi ya pili, inacheza."

Nati aliwaacha. Kutoka jikoni alisikia maji yakichemka kwenye jiko la gesi, kisha vikombe, kisha mama mkubwa akilia, na baba yake akimwambia kitu kwa sauti ya chini ambacho Nati hakukisikia, wala hakuuliza baadaye.

Mzee Greda aliishi uani pale mwaka mmoja na miezi minne. Kila Jumapili asubuhi Nati alimpelekea chai, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, na kumwomba amsimulie zile saa tatu: mama alisema nini kingine. Mzee hakuweza kusimulia kwa mfululizo. Alitoa kidogokidogo. Jumapili moja alikumbuka kwamba mama alimwagiza apange viatu vyake vizuri, kwa sababu vilikuwa vimepinduka tela lilipoketi na hapendi kuona viatu vimelala kifudifudi. Jumapili nyingine alikumbuka kwamba mama alilalamika pazia ni chafu na leo ni Jumamosi. Kuna mara mama alicheka, mzee akiwa nje matopeni, na alipoingia kumuuliza anacheka nini, akasema amekumbuka kaptula ya mtoto ilivyoshuka mbele ya wahandisi. Wakati mwingine mzee alisema "leo sina," na Nati akanywa chai yake, akaondoa vikombe.

Alifariki Jumatano moja ya baridi, amekaa, miwani puani. Nati alipokuwa akitandua kitanda alijaribu kuviunganisha vyote alivyosimuliwa, viatu, pazia, kicheko, ahadi, mkono uliogonga ukuta, na kuvipanga tangu mwanzo. Kwa hesabu yake vilikuwa vinajaza saa moja kati ya zile tatu, au saa moja na nusu kwa wingi. Muda uliobaki mzee alikwenda nao.